"Dada, Yule Anacheza Kukaa Chini"

Siku ya usaili niliulizwa swali moja tu. "Unajua kuogelea?" Nikajibu kwamba nimezaliwa Ukerewe, baba yangu mvuvi, na nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma. Meneja akafurahi, akanipa fulana nyekundu, filimbi na ufunguo wa kabati la taulo. Jumatatu nikaanza kazi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kumtoa mtu majini, na mimi mwenyewe sikujiuliza, kwa sababu nilidhani ni jambo lilelile.

Hoteli yenyewe siitaji. Ipo hapa Mwanza, upande unaotazama ziwa, na bwawa lake siku za wiki ni la wageni waliolala hapo. Jumamosi, Jumapili na sikukuu geti linafunguliwa kwa yeyote mwenye kiingilio. Upande mmoja maji yanamfika mtu mzima kiunoni. Upande wa pili yanampita kichwa. Katikati sakafu haishuki polepole, inateremka ghafla kama ukingo wa mto. Wenzangu waliofanya kazi kwenye mabwawa wanaijua hiyo sehemu. Mtoto anatembea akiwa na maji ya kifuani, hatua inayofuata hagusi chini.

Miezi sita ya mwanzo nilifanya kazi bila kujua ninachokifanya. Nililipia mwenyewe mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, nikapata cheti, nikakibandika ukutani karibu na kabati la taulo, na nikaamini nimekamilika. Kisha akaja mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Uingereza, aliyewahi kuwa mwokoaji kwenye mabwawa ya kwao. Alinitazama siku mbili nikiwa kazini, siku ya tatu akaniomba tuingie wote majini asubuhi kabla ya watu. Akasema atajifanya anazama, nimtoe. Nikamwendea kwa mbele kama mtu anavyomwendea rafiki. Akanikumbatia shingoni kwa mikono yote miwili, akanikandamiza, akapanda juu yangu. Mimi mtoto wa Ukerewe, ndani ya muda mfupi nilikuwa nameza maji na kuitafuta pumzi yangu mwenyewe. Aliponiachia aliniambia kwa upole kwamba hivyo ndivyo wanavyokufa wawili badala ya mmoja.

Alinifundisha kumwendea mtu kwa nyuma, na kuliweka boya kati yangu na yeye. Alinifundisha kwamba kuingia majini ni hatua ya mwisho: kwanza sauti, kisha mti mrefu au kamba, kisha boya la kurusha. Alinifundisha kanuni wanayoiita kumi kwa ishirini: macho yako yalipitie eneo lako lote ndani ya sekunde kumi, na ukiona shida uwe umemfikia mtu ndani ya sekunde ishirini. Nilimwonyesha cheti changu. Akakisoma, akasema ni kizuri kwa huduma ya kwanza, lakini hakisemi popote kwamba naweza kumtoa mtu majini. Kwao, alisema, cheti cha mwokoaji wa bwawa hudumu miaka miwili tu, na katikati ya miaka hiyo lazima uendelee kufanya mazoezi, la sivyo unahesabiwa huna. Niliyasikia yote hayo. Niliyoyashika ni yale ya majini. Ya karatasi niliyaacha yapite, na yalikuja kunirudia.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Idi pili. Ratiba ilituandika wawili. Saa nne asubuhi mwenzangu akaitwa upande wa bustani, kulikuwa na harusi jioni na viti vilikuwa havijapangwa. "Dakika kumi tu," akaambiwa. Hakurudi hadi yote yalipokwisha. Mimi nikabaki na maji, na taulo, na kazi ya kuwafunga mikanda ya karatasi mkononi waliolipa getini. Ili kumfunga mtu mkanda lazima nimtazame yeye, na nikimtazama yeye nimeyapa maji kisogo.

Na maji yenyewe yalikuwa na ukungu. Pampu ilizimwa tangu juzi yake usiku ili kubana umeme, maana uniti za Luku zilikuwa zinakwenda haraka kuliko kawaida. Bwawa lisilozungushwa maji, halafu likapokea watoto mia moja waliopakwa mafuta vizuri na mama zao kwa ajili ya sikukuu, halichukui muda kugeuka rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Klorini inaisha kwa kupambana na jasho na mafuta, uchafu unaelea kwa sababu hakuna kinachouvuta kwenda kwenye chujio. Asubuhi nilisimama upande wa kina kirefu nikakitafuta kifuniko cha tundu la kutolea maji pale chini. Sikukiona. Nikaandika kwenye daftari la zamu: "Maji hayaonyeshi chini." Kisha nikaenda kufungua geti.

Sentensi ile nimeifikiria miaka mingi. Niliiandika ili niwe nimeiandika. Kama nilikuwa najua vya kutosha kuiandika, nilikuwa najua vya kutosha kutofungua.

Kuzama hakufanani na vile watu wanavyofikiri. Hakuna kelele. Mdomo unaotafuta hewa hauna nafasi ya kuita, na mikono haipungi, inajikandamiza juu ya maji pembeni kama mtu anayejaribu kupanda meza. Mwili unasimama wima, kichwa kinaangalia juu, unaona kama mtu ametulia tu. Kwa mtoto mambo hayo yanaweza kwisha ndani ya nusu dakika, halafu anakwenda chini. Wazazi waliokaa meza za pembeni walikuwa wanasikiliza kelele, na kelele zilikuwepo nyingi, za watoto wenye furaha. Yule aliyekuwa anakufa hakutoa yoyote.

Nilikuwa namfunga mkanda baba mmoja nilipovutwa fulana kwa nyuma. Alikuwa binti mdogo, labda miaka sita, nguo yake ya Idi imelowa yote. Akaniambia, "Dada, yule anacheza kukaa chini."

"Nani?"

"Yule. Amekaa tu. Nimemwita haji."

Nilikimbia alikoonyesha na sikuona kitu. Narudia: nilisimama juu yake kabisa na sikumwona. Niliruka kwa sababu ya kidole cha mtoto. Nilimpata kwa mkono, pale sakafu inapoteremka, mgongo wake umeegemea mteremko, kweli kama mtu aliyekaa. Alikuwa mvulana wa miaka tisa.

Tulipomlaza ukingoni midomo yake ilikuwa ya bluu na hakuwa anapumua. Watu walijaa. Mzee mmoja akaamuru tumshike miguu tumning'inize kichwa chini maji yatoke. Mwingine akataka kumkandamiza tumbo. Walikuwa wanasema kwa uchungu na kwa nia njema, ndivyo wengi wetu huku ziwani tulivyolelewa, hata baba yangu angefanya hivyo. Lakini aliyezama amekosa hewa, na tumbo likikandamizwa yaliyomo yanapanda na kuingia kwenye mapafu. Kinachotakiwa kwanza ni pumzi. Nikainua kidevu chake, nikaziba pua, nikampulizia mara tano, kila mara natazama kifua kama kinapanda. Kisha nikabonyeza kifua mara thelathini, pumzi mbili, thelathini, pumzi mbili. Nilihesabu kwa sauti ili nisisikie watu. Katika mzunguko wa tatu alitapika maji na pilau, nikamgeuza ubavu, nikamsafisha mdomo kwa kidole, na akavuta pumzi moja yenye sauti kama ya mlango mbovu. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Mama yake alifika akiwa peku. Alimpapasa mtoto mwili mzima, akahakikisha anapumua, ndipo akaniangalia. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Dada, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale. Baadaye nilizipima.

Mtoto alipelekwa hospitali kwa gari la hoteli, na hilo lilikuwa sahihi hata kama alikuwa anaongea, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuzorota saa kadhaa baadaye. Alilazwa siku tatu. Alipona kabisa, na namshukuru Mungu kila Idi.

Jioni ile ile niliitwa ofisini. Mezani palikuwa na karatasi imeshachapwa, inaeleza kwamba wakati wa tukio waokoaji wawili walikuwa kwenye nafasi zao, maji yalikuwa safi, na mtoto alikuwa ameonywa mara mbili asiende kina kirefu. Ilikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Alisema, "Saini, dada, tukulinde." Nikaomba nikaswali kwanza. Nilipotoka sikurudi. Nilikwenda nyumbani, nikakaa sebuleni na daftari la shule la mdogo wangu, nikaandika kila nilichokumbuka kwa saa na dakika, pamoja na yale yanayonihukumu mimi. Niliandika pia kwamba cheti changu kilichobandikwa ukutani kilikuwa kimekwisha muda wake tangu miezi minne nyuma. Niliiona tarehe ile kila siku nikichukua taulo.

Asubuhi nilimwendea mzee mmoja wakili, aliyejuana na marehemu baba. Nilimwamkia, akaitika, akayasoma maandishi yangu yote bila kusema kitu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ukiwa pale na fulana nyekundu, yule mama alikuwa na haki ya kuamini nini?"

Nikasema, kwamba namtazama mtoto wake.

"Basi wajibu ulianzia hapo."

Alinifafanulia taratibu. Huku kwetu madai ya uzembe yanafuata misingi tuliyoirithi kwenye sheria ya Uingereza, na akanisimulia kesi ya mwaka 1932 ya mama wa Scotland aliyedai kuwa alikuta mabaki ya konokono kwenye chupa ya kinywaji. Majaji walisema una wajibu wa uangalifu kwa jirani yako, na jirani ni yeyote ambaye ungepaswa kufikiri kwamba kitendo chako, au kutotenda kwako, kutamgusa. "Mwenye bwawa anayeuza tiketi," alisema, "majirani zake ni wote waliofungwa mkanda." Mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi wake aliyoyafanya kazini, na zaidi ya hapo anabeba yake mwenyewe: kuweka mtu mmoja badala ya wawili, kumpa kazi ya getini, kuzima pampu, kutokagua cheti. Nikamuuliza kuhusu kibao kikubwa pale ukutani, "Unaogelea kwa Hatari Yako Mwenyewe." Akasema kibao hicho kinaweza kumwonya mtu mzima kuhusu utelezi wa vigae, hakifuti uzembe wa aliyekitundika, na mtoto wa miaka tisa hawezi kuikubali hatari asiyoijua.

Nilitegemea ataishia hapo, nitoke nikiwa msafi. Hakuishia hapo. Alifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, akanisomea kifungu cha 195, cha kuua bila kukusudia. Kifungu hicho hakizungumzii kumpiga mtu tu. Kinagusa pia kuacha, kwa uzembe mkubwa, kutimiza wajibu wa kulinda uhai. "Mtoto angekufa," alisema, "wewe na meneja wako mngekuwa mnaongea na polisi, si na mimi. Na kama ungekuwa umesaini ile karatasi, ungekuwa umeongeza uongo juu yake." Akaniambia pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde hata wasio wafanyakazi wake wanaoguswa na shughuli zake, na kwamba mimi kama mfanyakazi nami nina wajibu ndani yake. Nilikuwa na haki ya kusema hapana getini. Nilikuwa na zaidi ya haki.

Mambo ya hoteli na familia yaliisha bila kufika mahakamani. Hoteli ililipa hospitali na kiasi kingine ambacho sikuambiwa. Mimi niliacha kazi mwezi uliofuata.

Sisi watu wa ziwa tunajua kuomboleza waliokufa maji. Tunakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imeshakaribia kabisa kufika Mwanza, na makaburi ya Igoma yapo. Mimi wa Ukerewe nakumbuka zaidi 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipozama hatua chache kabla ya kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, kwenye kivuko kilichoruhusiwa kubeba 101. Misiba ile ilikuwa mikubwa, Rais alitangaza maombolezo, bendera zikashushwa. Lakini nikiiweka pembeni ya Idi pili yangu naona chanzo kinachofanana sana: idadi iliyoandikwa kwenye karatasi, na mtu aliyesimama mlangoni akiendelea kuingiza watu. Bwawani tofauti ni kwamba anakwenda mmoja, kimya, na jioni muziki wa harusi unaendelea.

Halafu tuna tabia ya kuamini ushujaa. Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani pale Bukoba, wavuvi ndio waliofika kwanza, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango. Waliokuwemo ni 43, walipona 24. Nililia nilipomwona kwenye televisheni. Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata: Serikali iliagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apewe mafunzo. Yaani hata shujaa wa taifa alipelekwa darasani. Mwenye hoteli anaweza kumpeleka yule anayemkabidhi filimbi.

Sasa nasimamia bwawa jingine, dogo zaidi, na mwenye nalo nilimweleza masharti yangu kabla ya kuongea mshahara. Mwokoaji aliye zamu hagusi taulo, hagusi soda, hapokei pesa. Tupo watatu siku za watu wengi: wawili kwenye maji, mmoja anapumzika, na tunabadilishana kila baada ya dakika ishirini, kwa sababu macho yaliyotazama maji yenye jua nusu saa yanaona bila kutambua. Anayeondoka haondoki hadi anayepokea atamke, "Maji ni yangu." Tarehe za vyeti zimeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ratiba, na jina lenye tarehe iliyopita linakatwa. Asubuhi mmoja wetu anasimama kina kirefu. Asipoziona nafasi za kile kifuniko cha chini, bwawa halifunguliwi.

Mwenye bwawa aliniuliza gharama, na ni swali la haki, mishahara mitatu si mchezo. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja. Aliongeza kiingilio kidogo, akaondoa bendi ya Jumapili. Mara mbili mwaka jana mwenzetu mmoja aliugua ghafla, tukapuliza filimbi na kuwatoa watu wote majini hadi mbadala afike. Mara ya kwanza baba mmoja alinifokea kwamba amelipia, na nikamrudishia pesa yake. Mara ya pili watoto walikaa ukingoni wakining'iniza miguu, mmoja akaniuliza kama maji yamechoka. Nikamwambia ndiyo, yanapumzika.

Kila Jumatano saa kumi jioni tunafanya zoezi. Nachukua dumu la lita tano, nalijaza mchanga, nalivalisha fulana ya mtoto, nalizamisha bila kumwambia aliye kwenye kiti, na nashika saa. Wiki iliyopita alikuwa kijana wetu mpya, hodari, mwenye cheti kipya kabisa. Nililishusha kwenye kona ya mbali. Sekunde kumi zikapita, ishirini, dakika moja. Alikuwa macho, kichwa kinazunguka sawasawa kama alivyofundishwa. Dakika mbili zilipotimia nilimwita. Alipoliona dumu uso ulimbadilika, akaanza kuomba radhi.

Nikamwambia ashuke, nikapanda mimi kwenye kiti chake. Jua la jioni lilikuwa linateremka upande wa ziwa, mbele yetu kabisa, na kona ile yote ilikuwa bamba moja la mwanga. Nami sikuliona dumu, ingawa nilijua lilipo. Tukakibeba kiti, yeye upande huu mimi upande ule, tukakizungusha hadi jua likawa mgongoni. Alipopanda tena alinyoosha mkono mara moja.

"Lile pale, dada. Naona mpaka mkono wa fulana."

Nikaandika kwenye daftari: kiti kihamishwe kila siku saa tisa alasiri. Kisha akaingia majini kulitoa, kwa sekunde kumi na nne.